Mama Yasinta na Damu ya Funza wa Haneti

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Yasinta Ndahani anastaafu, baada ya miaka thelathini na nne katika maabara ya kituo chetu cha utafiti wa wadudu hapa Dodoma. Aliajiriwa mwaka 1991, akitokea kwao Gulwe, kuosha vyombo vya maabara. Ufundi aliusomea akiwa kazini, na kwa miaka ishirini ndiye aliyetoa damu ya funza wa mabua. Mafundi kumi na mmoja, mimi nikiwamo, tumejifunza kwake kushika sindano.

Kwa wasioijua kazi hiyo: funza wa mtama hafi kiangazi. Hulala ndani ya bua kavu lililobaki shambani, miezi mingi bila kula, akiishi kwa akiba ya mwilini. Damu yake si nyekundu. Ni tone dogo la majimaji ya njano. Protini zikiwa nyingi katika tone hilo, amelala fofofo. Zikipungua, anakaribia kuamka, ageuke nondo na kutaga mayai kwenye mtama mchanga. Kwa vipimo hivyo tunawaambia wakulima wa Haneti siku ya mwisho ya kuchoma mabua. Wakichoma mapema mno, ng'ombe wanakosa malisho. Wakichelewa, watu wanakosa chakula.

Mabua ya kupima aliyaleta mwenyewe kwa basi. Kondakta mmoja alimuuliza kama anafuga ng'ombe mjini. "Humo ndani mna wagonjwa wangu," akamjibu, "nakwenda kuwapima damu." Abiria wa kiti cha jirani akahama.

Oktoba mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Niliona, nikanyamaza, nikijiambia ni uchovu. Vipimo vyake vilionyesha protini ziko juu, tukawaandikia wakulima kwamba wana muda hadi mwisho wa Novemba.

Tarehe 11 Novemba mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mabua yakilowa hayashiki moto. Bi Yasinta akaja mezani kwangu.

"Violeth, umeuona mkono wangu?"

"Nimeuona, mama."

"Tangu lini?"

Nilimvutia kiti akae.

Sindano ikizama kupita kiasi hugusa mafuta ya funza, na protini za huko zikichanganyika na damu, kipimo hupanda. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Alikwenda kwa Khalidi, mkuu wa maabara, akaomba funza wa mashamba yale yale wapimwe upya na mtu mwingine.

"Mama, umebakiza miezi saba tu ustaafu," Khalidi alimwambia. "Una hakika unataka haya yaandikwe?"

"Nataka wapimwe leo."

Khalidi alipima mwenyewe kwa siku mbili. Protini zilikuwa nusu ya zile alizoandika Bi Yasinta. Funza walikuwa wanaamka.

Bi Yasinta angeweza kuwapigia wakulima simu tu, lakini alikataa. Kesho yake tulikwenda naye Haneti. Njia nzima hakula kitu, akichungulia mawingu dirishani. Katika ofisi ya kijiji alisimama mbele ya watu na kusema, "Niliwaambia mwisho wa Novemba. Nilikosea. Mkono wangu unatetemeka, na nilichelewa kusema. Tafadhali anzeni leo."

Mzee Bartolomayo, mwenye ng'ombe kumi na wanane, aliuliza wanyama wake watakula nini.

"Sina jibu, baba," alisema Bi Yasinta.

Mzee akatoka kwenda kuwaita wanawe waanze kukata.

Walichoma kwa siku nane, na ya tisa mvua ikanyesha. Mashamba saba ya bondeni hayakuwahi, mtama wake ukaliwa. Mengine yote yamevunwa. Bi Yasinta amefika nyumbani kwa wenye mashamba yale saba, mmoja mmoja. Wawili hawakumkaribisha ndani. Alirudi kwao mara ya pili.

Mama Yasinta, asante kwa kazi, na kwa kutufundisha jinsi mtaalamu anavyosema amekosea. Wiki ijayo unahama Area D hapa mjini na kurejea Gulwe, lakini kwanza utamwona daktari kuhusu mkono huo. Hatujui atasema nini, nasi tuna wasiwasi. Akishasema, tupigie simu, hata kama habari si nzuri. Tunakuombea afya na siku tulivu. Tutapanda treni tuje kukuona.

Violeth, Maabara