Attracta Looby, Mwenye Mbwa kwa Jina Lake Mwenyewe

Mama yetu, tuliyemleta hapa makaburini leo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 katika kijiji hiki cha Rathcurry, Tipperary, Ayalandi, binti pekee wa Jer Looby na mkewe Honoria. Jer alikuwa mbeba maziwa wa kiwanda cha siagi, na mbwa wake wa mbio walilala karibu na moto kuliko watoto. Kaka zake Attracta waliwatembeza mbwa barabarani. Yeye aliosha mabakuli. Siku alipoomba naye ashike ukanda, baba yake alimwambia kwamba mwanamke akimshika mbwa wa mbio humtia nuksi. Alikuwa na miaka tisa. Hakulia. Alisema tu kwamba siku moja atakuwa na mbwa wake, na jina litakaloandikwa litakuwa lake. Waliocheka wakasema hayo ni maneno ya kitoto. Wote wameshazikwa, wengine hapa hapa.

Alisoma kwa masista hadi mwaka 1952. Hesabu alizijua, kushona kulimshinda. Sista mmoja alimkuta akichora mbwa pembezoni mwa katekisimu, akamuuliza kama anadhani mbinguni kuna mbwa. Attracta akajibu kwamba kama hawapo, atauliza waliwapeleka wapi. Alichapwa rula kwa jibu hilo, na alilirudia maisha yake yote.

Alifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya mjini hadi tarehe 17 Mei 1961, alipofunga ndoa na Malachy Quirke, mkulima mdogo na mtu mpole ambaye hakusema neno mpaka chai yake ipoe. Baada ya hapo alifuga bata mzinga wa Krismasi. Na pesa ya bata mzinga, kama kila mtu hapa ajuavyo, ni ya mke. Mume hata haulizi. Wanawake wengine waliitumia kwa makoti na mapazia. Yeye aliiweka.

Oktoba 1967 alikwenda kwa Thady Crotty, ambaye uani kwake ndiko walikotoka mbwa wengi wa mbio wa pande hizi. Malachy alimsindikiza kwa kuwa ndiye aliyejua kuendesha gari. Thady alimwonyesha Malachy watoto wa mbwa, akimsifia Malachy baba yao na babu yao. Attracta aliwatazama mwenyewe. Hakujali rangi; alishika miguu ya nyuma, akapitisha mkono mgongoni, akangoja aone nani atakimbilia jani linalopeperuka. Akachagua jike mwembamba mwenye michirizi, ambaye Thady alikuwa amemtenga pembeni kama makombo. Pesa ilitoka mfukoni mwa aproni. Thady akatema mate kiganjani, kama wafanyavyo wauzaji wa hapa kufunga bei, akampita Attracta kana kwamba hayupo, akampa mkono Malachy, na ile sarafu ya bahati ambayo muuzaji humrudishia mnunuzi akaiweka kiganjani mwa Malachy.

Malachy akampa mkewe. Mkewe akairudisha kwa Thady.

“Nipe mimi,” alisema. “Mimi ndiye niliyenunua.”

“Mama, bahati haipewi mwanamke.”

“Basi tutakaa hapa mpaka ipewe. Malachy, zima gari.”

Mvua ilikuwa inanyesha na Thady hakuwa na kofia. Akatoa sarafu, na mkono pia.

Yule jike alisajiliwa kwa jina la Jibu la Looby, ila nyumbani aliitwa Bata, kwa heshima ya waliomlipia. Aliishi kwa mkate wa kahawia uliolowekwa kwenye supu ya nyama, na yai, huku sisi watoto tukila uji mtupu. Kila asubuhi Attracta alimtembeza barabarani hadi darajani na kurudi, na wanaume waliomkuta walimuuliza kama anampeleka shule. Jioni alimkanda miguu kwa mafuta. Kisha Malachy alimshika Bata upande wa chini wa shamba letu la mteremko, naye Attracta akasimama juu na kugonga ndoo ya chakula, na Bata akapanda ule mteremko kwa kasi ambayo hatujaiona tena.

Hapo ndipo alipokosea. Hakuna mwanamume aliyetaka kumwelekeza, na yeye hakutaka kuuliza. Aprili 1969 alimpeleka Bata uwanjani kwa majaribio. Sungura wa bandia anayevutwa kwa umeme akapita, vizimba vya kuanzia mbio vikafunguka, Bata akawaacha wenzake papo hapo. Alipofika kwenye kona, mama mmoja wa kibanda cha chai akaweka chini ndoo yake ya kuoshea vikombe. Bata alisikia mlio. Aliachana na sungura, akaruka uzio, akaingiza kichwa chote ndani ya maji ya vikombe.

Uwanja mzima ulicheka. Thady Crotty alifuta machozi kwa kofia.

“Mama, huyo umemfundisha kula, hukumfundisha kukimbia,” alisema. “Mrudishe kwa bata mzinga.”

“Amewashinda wote kufika alikotaka, Thady,” Attracta alimjibu. “Kazi yangu sasa ni kumfanya atake kwingine.”

Aliumia, tusidanganyane. Lakini kesho yake alipindua baiskeli ya Malachy miguu juu, akafunga kamba kwenye gurudumu la nyuma na ngozi ya sungura kwenye ncha ya kamba, akamketisha mumewe azungushe pedali kwa mikono. Kamba ikajiviringisha, ngozi ikakimbia, Bata akaifukuza. Ndoo ilivishwa gunia isitoe mlio, na katika nyumba yetu hadi leo hakuna anayeweka ndoo chini kwa kishindo.

Mwezi wa Septemba Bata aliandikishwa kwa mbio za kweli. Ratiba ilipogawiwa uwanjani siku ya mbio, ilisema mwenye mbwa ni M. Quirke, mkufunzi ni M. Quirke. Attracta aliipeleka kwa karani wa uwanja, naye karani akamweleza kwa upole kwamba ndivyo inavyofanywa kote Ayalandi, jina la bwana linatosha kwa wote wawili. Malachy ndiye aliyejibu, na wengi walikuwa hawajawahi kumsikia akisema hadharani.

“Bwana,” alisema, “mimi sijui hata mbwa huyu anakula nini.”

Karani hakubadili jina. Attracta akamvua Bata koti la mbio, akamrudisha nyumbani, na watu waliokuwa wameshamwekea dau wakamtupia maneno hadi langoni. Alisema mbwa akishinda kwa jina la mtu mwingine, atakuwa ameshindwa. Majira yote ya baridi aliandika barua, akaenda ofisi ya leseni za mbio, akakaa kwenye benchi lao na sandwichi zake mpaka wakachoka kumwona. Mei 1970 leseni ilitoka: Attracta Quirke, mwenye mbwa na mkufunzi. Tarehe 20 Juni, Jumamosi, yeye mwenyewe alimtembeza Bata mbele ya jukwaa akiwa na koti lake la kanisani, na Bata akashinda bila kuangalia kibanda cha chai. Nuksi haikuonekana.

Bata alipozaa, Thady Crotty alikuja kununua, akafuatana na mkewe Nonie. Bei ilipokubaliwa, Attracta alitema mate kiganjani, akampita Thady, akampa mkono Nonie, na sarafu ya bahati akaiweka kiganjani mwa Nonie. Thady aliishi miaka mingine mingi na hakulisahau hilo, wala hakuacha kununua kwake.

Malachy alifariki mwaka 2004. Moyo wa Attracta ulianza kumsumbua mwaka 2019, na daktari akamwambia aachane na mbwa. Alibadili daktari. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Novemba 2021, baada ya kuuliza kama mbwa wameshakula. Tulimwambia ndiyo. Alitaka kujua wamekula nini.

Anaacha watoto wawili, Gobnait na Fintan, wajukuu watano, na majike watatu ambao padri alituomba wabaki nje ya kanisa. Wako hapa kando ya kaburi, mmewasikia wenyewe wakibweka.

Aliyechapa ratiba ya mazishi mliyoishika alituletea kwanza nakala iliyosema: Mjane wa Malachy Quirke. Baba tulimpenda, naye ndiye angekuwa wa kwanza kuikataa. Tuliirudisha. Someni sasa ilivyoandikwa, kwa herufi kubwa, jina lake peke yake, na chini yake: mwenye mbwa na mkufunzi. Ile sarafu ya Thady iko kiganjani mwake, na hakuna atakayeitoa ampe mtu mwingine.

Kama huko aendako hakuna mbwa, atauliza waliwapeleka wapi, na hataketi mpaka ajibiwe. Baada ya hapo, apumzike kwa amani.