Bi Muzdalifa na Pikapu Iliyokuwa Ikizima Jozani

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu na jamaa wote mliofika kwenye hitma hii hapa kwetu Bwejuu, leo Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024. Mimi ni Suhaib, mdogo wake marehemu, na kazi hii nimepewa kwa sababu shemeji yangu, Fundi Msabah, amesema akisimama yeye hatofika hata kwenye mwaka wa kuzaliwa.

Dada yetu Bi Muzdalifa binti Mcha alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1968, akasoma skuli ya hapa, na chuoni akahitimu Msahafu kabla ya wavulana wote wa rika lake, jambo ambalo hawakulisahau maana hakuwapa nafasi ya kulisahau. Mwaka 1985 alikwenda mjini, Mkunazini, kwa shangazi yetu Bi Riyama, ndiko alikojifunza mikate ya kumimina na visheti, kazi aliyoishi nayo mpaka mwisho wake.

Ijumaa ya tarehe 3 Agosti 1990 aliolewa na Msabah, fundi wa magari mwenye gereji yake karibu na Darajani, wakajaaliwa watoto wawili, Haitham mwaka 1992 na Ilham mwaka 1996. Ilikuwa ndoa ya heri, sikatai, lakini tusidanganyane mbele ya hitma, Msabah akifunga gereji alasiri alikuwa anapitiliza barazani kucheza bao, na dada akisema yeye ndiye aliyeolewa ila anayemfaidi bwana ni ubao.

Mwaka 2009 walinunua pikapu kuukuu, dada akajifunza kuiendesha mwenyewe, akawa anapeleka mikate kwenye maharusi ya mashamba. Mwaka uliofuata, kwenye harusi moja Paje, bibi mmoja aliumega mkate, akaunusa, akauliza mbele za watu kama umetiwa tui au petroli. Dada alirudi mjini amevimba. Alikwishamuona mumewe mara nyingi akiziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, basi naye akachukua kipande akakisokomeza kwenye katundu kadogo ka kifuniko cha tangi, harufu ilikokuwa ikitokea, na mikate ikarudi kunukia iliki.

Hapo pikapu ikaanza maradhi. Mjini ilikwenda vizuri, lakini ikishika njia ya kusini, ikifika Jozani inakosa nguvu, inakohoa, inajivuta, kisha inazima katikati ya msitu, kima wanatazama. Kwa mtu mwengine hiyo ni gari mbovu tu, kwa Msabah ilikuwa fedheha, maana gari ya mke wa fundi ikizima njiani, nani atamletea yake? Wateja wakaanza kuhama, jina lake likawa linachezewa mabarazani.

Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka pampu mpya ya petroli. Na kwa kuwa mshale wa mafuta ulikuwa umekufa tangu walipoinunua, kila ikizima jambo lake la kwanza lilikuwa kufungua kifuniko na kutumbukiza kijiti aone mafuta yapo kiasi gani, ndipo aguse mengine, na kila mara ikawaka. Akigusa plagi, alisema ni plagi, akigusa waya, alisema ni waya. Fundi Azim, jirani yake wa gereji, nawe Azim usiiname, alifuatana nao safari moja, akapima kwa kijiti, akakaza koili, ikawaka, akaitangazia Darajani nzima kuwa ameiponya, mpaka ilipozima wiki ya pili. Mzee mwengine, simtaji kwa kuwa amekaa pale karibu na birika, alisema pana mkono wa mtu, akafuatana nao safari nyengine na chetezo chake, ilipozima akataka kifuniko kifunguliwe ubani uingie mpaka tangini, na tumshukuru Mungu kwamba makaa yalikuwa yameshapoa. Ikawaka pia.

Kumbe wote waliiponya kwa kile kifuniko, bila ya kujua. Petroli ikipungua tangini lazima hewa iingie ishike nafasi yake, na njia ya hewa ilikuwa imezibwa sabuni, kwa hiyo gari ikawa inakabwa roho.

Aliyegundua ni dada mwenyewe, mwaka 2011, Msabah alipokuwa na homa naye dada akaenda peke yake, ikazima, akafungua kifuniko, akasikia tangi linavuta pumzi. Akaichokonoa sabuni, akafika Makunduchi salama, na aliporudi nyumbani, kabla hajampa pole mgonjwa, akakata kipande kipya akakizibia pale pale. Maana tangu gari ianze kuzima, Msabah alikuwa ameapa kwamba mkewe hasafiri bila ya fundi, bao ameliacha, wanakwenda wawili, na ikizima Jozani wanatandika mkeka, wanakunywa chai ya chupa wakingoja mashine ipoe, wakizungumza yale ambayo nyumbani hayakuwa na nafasi.

Tarehe 14 Januari mwaka huu walikuja kumtazama mama, na baada ya adhuhuri dada moyo ukambana. Msabah alimpakia kwenye pikapu huku akijua Jozani inamngoja, na dada, ambaye hata pumzi ilikuwa taabu, akamwambia atoe kwanza sabuni kwenye kifuniko. Msabah aliitoa kwa kucha, na gari ikafika hospitali bila ya kukohoa. Baadaye akaelezwa yote, akanuna siku nzima, akampa mgonjwa mgongo, lakini kitandani pale hakuondoka, mpaka dada alipotutoka alfajiri ya Jumatano, tarehe 6 Machi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkunazini na wa hapa, wapishi wenzake na mafundi wote. Anayemdai marehemu aje kwangu, na aliyekosewa naye amsamehe. Azim ameshasamehe, mzee wa chetezo bado anafikiri.

Lakini radhi ya mke iko kwa mumewe, na jana jioni wazee walimuuliza Msabah kama yuko radhi naye, kwa miaka yote ile ya kuaibika mbele ya mafundi wenzake. Akajibu kwamba radhi alishampa hospitali. Kilichomshinda ni kwamba jana hiyo hiyo alikwenda mjini kuchukua masufuria ya hitma, akarudi peke yake, na pikapu ikapita Jozani bila ya kuzima.

Lala salama, dada, Mola akupokee kwa rehema zake.