Delmar Hufford, Fundi Aliyeishuku Mikono Yake Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza kaka yangu: familia imenipa mimi Nadine, dada yake mdogo, kazi ya kuwaeleza alivyoishi. Angekuwa hai angeketi kiti cha nyuma kabisa, mikono kaikunja kifuani, akisikiliza kama naongeza chumvi. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona, na yale niliyosimuliwa na waliokuwepo.

Marehemu Delmar Ray Hufford alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1938 katika shamba la mahindi na nguruwe nje ya Windfall, Indiana, mtoto wa kwanza wa marehemu Orrin na Opal Hufford. Kushuku alianza mapema. Mkesha mmoja wa Krismasi, akiwa na miaka saba, alinyunyiza majivu ya jiko sebuleni ili ajue ni nani hasa anayeleta zawadi. Alfajiri akakuta nyayo za buti za baba. Hakumwambia mtu. Alichukua ufagio akayafagia majivu yote kabla sijaamka, nami nikaendelea kwa miaka mingine kumwamini yule mzee wa ndevu nyeupe anayesemwa huleta zawadi. Mama ndiye aliyemwona na ufagio, akanisimulia nikiwa tayari mke wa mtu.

Alisoma palepale Windfall, akahitimu sekondari Mei 1956. Mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia baba kwamba kijana anapata jibu sahihi lakini hafungui ukurasa unaofuata mpaka ajaribu jibu hilo kwa njia nyingine. Majira hayohayo ya joto aliajiriwa Kokomo, katika kiwanda cha giaboksi za otomatiki, kwenye meza ya ukaguzi. Alizirudisha nyingi ambazo wenzake walikuwa wamezipitisha. Hakualikwa sana kwenye karamu.

Mke wake, Lavonne Kessling, alimpata kwa sababu ya gari la baba mkwe. Gari lilikuwa linachelewa kubadilisha gia, kisha linabadilisha kwa kishindo. Mafundi watatu wa mjini walishauri giaboksi yote ishushwe ijengwe upya. Delmar, ambaye alikuwa akitengeneza magari ya watu siku za Jumamosi, aliliendesha, akalala chini yake, akatoka na kipande cha mpira wa hewa unaoiongoza giaboksi ibadilishe gia, kimepasuka, kirefu kama kidole. Alibadilisha mpira huo, gari likapona. Mzee Kessling hakufurahi. Alimwambia binti yake, "Fundi anayekataa kazi kubwa ana jambo lake. Mchunguze." Mzee hakukosea. Jambo lenyewe lilikuwa Lavonne. Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1963 katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rhonda na Duane.

Mwaka 1971 aliacha kiwanda, akafungua gereji ya giaboksi upande wa kusini wa Kokomo pamoja na shemeji yake, Merle Kessling, kaka wa Lavonne. Ninyi mnaijua kazi hiyo inavyotazamwa. Mwenye gari haoni kilicho ndani. Anachojua ni kwamba injini inanguruma na gari haliendi. Akiambiwa giaboksi imekufa, atabisha na nini? Ndiyo maana watu waliingia pale na nyuso za kufika mahakamani, na Delmar akawapokea kwa uso uleule. Hakuamini maelezo ya mteja, wala ya fundi aliyetangulia. Alichomoa kijiti cha oili akainusa kama imeungua, akampakia mwenye gari pembeni wakapanda mlima, akafunga geji akasoma presha, akakagua nyaya na mipira ya nje. Kufungua kulikuja mwisho. Alikuwa akisema, "Ukifungua umevuruga ushahidi."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilinong'ona tangu tuingie.

Oktoba 1978 Mwalimu Verna Ostrander, aliyefundisha darasa la tatu nusu ya watu waliomo humu, alileta gari lake likiwa linateleza kila akirudi nyuma. Delmar aliijenga upya giaboksi, akamkabidhi. Asubuhi ya Jumatano tarehe 15 Novemba, Mwalimu alisimama mbele ya banda lake la gari, akaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, injini ikiwa inawaka, akazunguka nyuma kushusha mlango wa banda. Gari likatulia kidogo, kisha likaingia rivasi, likarudi nyuma lenyewe. Lilimvunja nyonga.

Mji ulipata cha kusema. Wateja walikuja kuchukua magari yao kabla hayajaguswa. Lavonne aliingia duka la nyama, maongezi yakakatika. Clete, mdogo wake Verna, mkulima, alikuja gerejini akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema, "Umemtia dada yangu ulemavu, na bado unalala." Delmar akamjibu kwamba halali usiku, na kwamba hajui bado kama ni yeye. Jibu hilo lilimponza. Watu walisema asiye na kosa hukana mara moja.

Kampuni ya bima ilitaka gari lifunguliwe kwa fundi mwingine, ng'ambo ya mji, mbele ya mkaguzi wao. Clete alikwenda. Merle na Delmar walikwenda. Haya nimeyasikia kwa Merle na kwa Clete, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapingani.

Gari lilipoinuliwa, mkaguzi alimulika tochi, akaiona ile fimbo ya nje inayounganisha mkono wa gia na giaboksi. Ilikuwa imepinda, na pale ilipopinda palikuwa na alama ya jeki. Fimbo ikipinda, dereva anaona P, na giaboksi iko katikati ya P na rivasi. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyeliinua gari hilo tangu litoke gerejini. Kisha Clete akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye. Alilifungia gari la dada yake bomba jipya la moshi, siku tatu kabla ya ajali. Merle anasema uso wa Clete ulikuwa mweupe kama unga, na akakaa chini juu ya tairi.

Mkaguzi alianza kufunga mkoba. Delmar hakusogea. Aliomba fimbo inyooshwe, irekebishwe vizuri, wajaribu tena.

Merle alimvuta pembeni. "Shemeji, fimbo imepinda. Kila mtu ameiona. Inatosha."

"Inamtosha nani?"

"Inatutosha sisi. Una watoto, nina watoto. Twende nyumbani."

"Jibu hili limenipendeza mno, Merle," Delmar akasema. "Ndiyo maana siliamini."

Wakainyoosha. Delmar akaweka gia kwenye P polepole, kama mwanamke asiye na haraka anavyoweka. Ikasimama katikati. Akarudia, ikasimama tena katikati. Basi akamwaga oili, akafungua sahani ya oili chini ya giaboksi mwenyewe, na ndani akakuta kile kibati cha springi kinachoikaza gia mahali pake. Kilikuwa kimekaa upande, skrubu imekibana vibaya. Alikitazama, akampa mkaguzi mkononi. "Hiki nilikifunga mimi," akasema.

Kisha akamgeukia Clete, akamwambia kwamba fimbo peke yake isingemwangusha dada yake. Springi ingekuwa sawa, ingeishika gia. "Usiende nyumbani na mzigo wote," alimwambia. "Sehemu kubwa ni yangu."

Merle alitoka nje, akaondoka bila kumngoja. Kabla ya Pasaka walikuwa wamegawana vifaa. Walikuja kupatana, lakini si haraka, na Merle ameniruhusu niseme hivyo. Gereji ilikaa kimya majira yote ya baridi. Lavonne aliniambia kwamba alimshuku mumewe kwa mara ya kwanza: alishuku kwamba anapenda ukweli kuliko anavyowapenda wao. Alimuuliza. Delmar akasema hajui, ila angeogopa kumtazama yule mwalimu kanisani.

Mwezi Mei Mwalimu Verna aliingia gerejini kwa mkongojo, na gari jingine. Delmar alisimama asijue aweke wapi mikono. Mwalimu akamwambia, "Usidhani nakuamini, Delmar. Simwamini fundi yeyote. Lakini wewe najua utajishuku kabla yangu." Akamkabidhi funguo. Wengine walifuata, mmoja mmoja, na kwa miaka ishirini na minne baada ya hapo kila giaboksi iliyotoka pale ilifungwa na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine, hata kama mfungaji alikuwa Delmar. Aliacha kazi mwaka 2003, akarudi kulima bustani na kubishana na utabiri wa hali ya hewa.

Septemba iliyopita alianza kupungua na kukataa hata pai ya krimu ya Lavonne. Daktari alipomwambia ni saratani ya kongosho, alimuuliza amepima nini, na nini kingine kinachofanana nayo amekiondoa. Daktari, kijana mvumilivu, alimwonyesha kila picha. Delmar alizitazama zote, akashukuru, akasema, "Naona. Sitafungua." Alitaka kuuguzwa nyumbani, na ndivyo ilivyokuwa.

Wiki yake ya mwisho alimuuliza Mchungaji Joellen kama kuna kitu ng'ambo ya pili. Mchungaji akasema, "Sijui, Delmar. Natumaini kwa moyo wangu wote." Kaka yangu akafumba macho. "Wewe ni wa kwanza kunijibu vizuri," alisema. "Basi na mimi natumaini." Alifariki Jumatatu tarehe 17 Februari 2014, saa ya chai ya asubuhi, Lavonne akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, Lavonne. Watoto, Rhonda na Duane, pamoja na wenzi wao. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Mimi dada yake. Na shemeji yake Merle. Jeneza litabebwa na Duane, Merle, wajukuu watatu, na Clete Ostrander, aliyeomba mwenyewe.

Bwana ampokee kaka yetu, amlaze katika amani ambayo hatahitaji kuikagua.