Mama Usibofye Anaondoka Kweli

Baada ya kulinda tovuti na seva ya chama chetu cha wafanyakazi kwa miaka ishirini na sita, Mama Usibofye anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tunaandika haya bado tumeduwaa, maana wengi wetu tumejua jana.

Tangazo la kustaafu kwake lilitumwa zamani kwa barua pepe: "Haraka, bofya hapa." Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba ujumbe wenye haraka na kiungo ni mtego. Ofisi nzima tukaufuta. Mhasibu hata alijisifu kwamba safari hii hakunaswa. Jana dereva wa lori alipouliza viti vya sherehe ya kumuaga vishushwe wapi, ndipo tukajua tangazo lilikuwa la kweli.

Alianza kama mpiga chapa, akajisomea hukuhuku kazini, hadi ile seva inayotunza majina ya wanachama ikawa kitinda mimba wake. Ina feni yake, na ole wako uingie na kikombe cha chai.

Asubuhi ya kura ya mgomo tulikuta wezi wa mtandao wameandika kwenye tovuti yetu kwamba kura imeahirishwa. Yeye alichomoa waya wa seva kwanza, maswali baadaye. Humo mna majina ya watu ambao mabosi wao hawajui kwamba wamejiunga nasi, yangevuja, wangefukuzwa. Halikuvuja hata moja. Mchana tovuti ikarudi kutoka kwenye nakala aliyoificha kwingine, na kura ikapigwa.

Karani mmoja, katoka likizo ya uzazi na macho mazito, aliweka jina la mwanawe kuwa nywila. Mama Usibofye akampakata mtoto aliyeletwa ofisini siku hiyo, akasema taratibu: "Mwanangu, jina la mtoto ni la kumwitia, si la kufungia mlango." Hakumrudisha mtoto mpaka nywila ilipobadilishwa.

Jana hiyohiyo akatushtua tena: nywila zake zote zifutwe kabla keki haijakatwa. Mwenyekiti alimsihi abaki na moja tu, ya dharura. Akakataa. "Nikishatoka hapa mimi ni mgeni. Mgeni hapewi ufunguo."

Haya mama, tumesikia. Ufunguo hatukupi. Asante kwa kutulinda hata tulipokuona msumbufu. Uishi vyema, ulale bila kuwaza seva. Ila mlango wa mbele unaujua, nasi bado tuna hofu kidogo: mgeni njoo, mwenyeji apone.