Paskali Gwandu na Tundu la Pili la Mpini

Marehemu Paskali Gwandu, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Severine, alizaliwa Dareda tarehe 4 Machi 1926, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1940 kwa kuwa ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine.

Mwaka 1944 alikuja Babati mjini, akaajiriwa na fundi wa Kihindi aliyetengeneza bunduki na visu, na huko alijifunza kuyatambua majambia ya zamani ya India yaliyoletwa na familia za wenye maduka, mengi yakiwa yameungwa kwa vipande visivyo ndugu, ubapa wa hili, mpini wa lile, ala ya jingine. Hakuamini nakshi, aliangalia mahali ubapa unapoingia kwenye mpini, akanusa lakiri, ile gundi ya utomvu iliyoushika, akapima kama tundu linalingana na chuma, na rafiki yake Salimu Hatibu, mwenye duka Bagara, alizoea kumtania kwamba hata bibi harusi alimgeuza kwanza atafute kiungo.

Bibi harusi huyo ni Bernadina, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Agosti 1950, wakajaliwa watoto wanne, Severine, Fabiola, Konstantini, na Anselmi aliyetangulia mwaka 1961.

Mei 1983, msako wa walanguzi ulipofika Babati, dukani kwa Salimu haikukutwa sukari wala sabuni, lilikutwa jambia lenye mpini wa pembe ya ndovu, aliloachiwa na Mhindi aliyehama mwaka 1971, akashtakiwa kuwa na pembe mpya isiyo na kibali, ingawa alisema ni ya zamani. Salimu mwenyewe alimwomba Paskali awe shahidi wake, naye akavaa koti la kanisani, akaenda mahakamani akiamini kwamba kazi aliyoijua kwa miaka karibu arobaini itamtoa rafiki yake. Aliulizwa mpini ule ulifungwa lini kwenye ubapa ule, akajibu ukweli, kwamba haijapita miaka kumi na mitano, na alipotaka kueleza kwamba pembe yenyewe ni kuukuu kuliko watu wote waliokuwamo humo, kwa sababu ndani ya mpini kuna tundu la pili, pana, la ubapa mwingine ulioutangulia huu, aliambiwa ajibu alichoulizwa, akakaa, na pembe ikahesabiwa mpya kama kiungo chake.

Salimu alifungwa miaka mitatu. Paskali alimwandikisha Fabiola barua nne kwa mahakama, hazikujibiwa, na jambia lilikuwa limeshachukuliwa, hivyo hakuwa na cha kuonyesha. Salimu alifia gerezani Novemba 1984, na tangu hapo Paskali hakushika tena tupa.

Februari 1986 alipatwa na kiharusi, dawa hazikuwepo, mafuta ya gari ya kumpeleka hospitali Moshi yalitafutwa siku nne yakakosekana, na maneno yaliyombakia mdomoni yakawa haya tu, tundu la pili, wageni wakidhani amechanganyikiwa. Alifariki nyumbani Singe tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliofanya walichoweza bila vifaa, majirani waliotuchotea maji, mafundi wenzake waliochonga jeneza, na Mama Sijaona, mjane wa Salimu, aliyeleta uji kila asubuhi wala asiulize lolote.

Mama Sijaona, sikia mbele ya watu hawa, pembe ile ilikuwa ya zamani, tundu la pili lilikuwamo, mumeo alisema kweli. Baba Severine, ushahidi wako umesomwa wote, sasa pumzika kwa amani.