Bi Tone, Dada Yetu wa Maabara

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, fundi mitambo, na mama yetu, aliyeketi hapa mbele. Tulizaliwa wanne. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, na mgongo wake ulionibeba naukumbuka kuliko wa mtu yeyote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, kisha akasoma sekondari ya bweni. Likizo moja alirudi na kioo cha kukuzia alichoazimwa na mwalimu wa sayansi, akatupanga foleni atuchunguze vichwa. Chawa walipatikana kwa kila mmoja, naye akiwemo, na mama akatunyoa wote. "Utafiti umekuponza," baba alimwambia. Mwaka 1989 alihitimu stashahada ya maabara.

Mwaka huohuo aliajiriwa hospitali ya rufaa, na hakuhama tena. Jina la Bi Tone alipewa na wagonjwa. Kila aliyeogopa sindano, dada alimbembeleza, "Tone tu, mpenzi, tone tu," kisha akajaza chupa tatu.

Tarehe 17 Aprili 1993 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa akipeleka sampuli mwenyewe hadi dirisha la maabara, ingawa haikuwa kazi yake. Wenzake walimtania, "Dereva, hiyo sampuli moja unaileta mara ngapi?" Walijaliwa binti na mvulana.

Ulipozuka ugonjwa wa virusi vya mapafu, wodi zilifurika. Mtu aliingia akitembea na kupiga soga, kesho yake anapigania pumzi. Bi Tone na madaktari walipima damu ya kila mgonjwa siku anapolazwa, kisha wakafuatilia mwenye damu hiyo ameishia wapi. Wakabaini kwamba protini fulani hupanda kabla mtu hajazidiwa. Waliokuwa nazo juu wakalazwa karibu na oksijeni mapema, na wengi wakapona. Muuguzi mmoja alianza kuwaita hao "wa safari". Bi Tone alivua glavu, akamgeukia taratibu. "Mwanangu, kipimo kinasema nani alindwe mapema. Hakisemi nani achimbiwe kaburi."

Mwishoni mwa Mei homa ikamshika yeye. Mwenzake wa maabara alikuja na majibu, akasimama mlangoni.

"Ziko juu?"

"Ziko juu, dada."

"Basi nipelekeni kwenye oksijeni. Msinionee haya."

Alipelekwa, na matibabu yakaanza bila kuchelewa. Kisha akampigia simu binti yake, anayefanya kazi nchi ya mbali. Miaka yote alikuwa akimwambia asiache kazi kwa ajili ya mafua ya mama. Safari hii alisema neno moja: "Njoo."

Binti alifika, akavishwa barakoa na glavu. "Nisuke," mama alimwambia. "Nimechoka kufanana na mgonjwa." Alimsuka upande wa kulia, wakicheka kidogo, wakinyamaza kila pumzi ilipombana. Kabla binti hajaanza upande wa kushoto, madaktari walimhamishia mama kwenye mashine ya kupumulia. Hakuzungumza tena. Matibabu ya mapema yaliyowaokoa wengi hayakumwokoa yeye. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi. Jana binti yake aliomba ruhusa chumba cha maiti, akavaa tena glavu, akamsuka upande wa kushoto.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia waliotoka wodini kwa miguu yao. Nawaona mmesimama pale nyuma. Sogeeni mbele, nanyi ni wafiwa.

Dada, Mungu akupe pumziko lenye amani.