Ami Alivyonijibia Mahojiano ya Chuo

Asalaam alaykum, mama zangu na wadogo zangu. Nilipoombwa nije kusema hapa Ibra nilijiambia ntasema kwa upole. Upole umenishinda hapo mlangoni, basi nistahamilieni.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa skuli. Nikitaka chuo kimoja cha nje, kigumu kuingia, nikasomee maji ya chini ya ardhi. Kwetu Al Qabil nimeuona mfereji wa falaj, ule unaonywesha mashamba yetu, unakauka, mitende ya babu inakufa imesimama, na kila mtu anasema kadari. Mie nikitaka kujua kwa nini. Chuo kile kinawatazama mwanzo wale wanaowahi kuomba, nami nikawahi.

Nikapangiwa mahojiano na mzee mmoja aliyesoma huko, kwenye ukumbi wa hoteli Nizwa, mchana kweupe. Baba akasema sawa, lakini binti hakai peke yake na mwanamme asiyemjua. Hilo sikulipinga, na leo silipingi. Baba alikuwa na kazi, nikapewa ami yangu, ndugu yake baba, anisindikize.

Mama zangu, nawaambia, ami alikaa katikati yetu! Yule mzee akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwa nini umechagua maji?" Ami akajibu, "Huyu anataka udaktari." Akaniuliza napenda kufanya nini nikitoka skuli. Ami akajibu, "Kupika." Kila nikifungua mdomo, ananikanyaga mguu chini ya meza. Wallahi nilirudi nalia garini, na yeye ananambia, "Tumefanya vizuri sana." Tumefanya! Yeye na nani?

Jawabu likaja. Hawakunikataa, lakini wameniweka pembeni wanitazame tena pamoja na waombaji wengine. Mwalimu wangu wa skuli akawaandikia kunitetea, akaambiwa nitahojiwa tena, na kuwa safari hii wangependa kumsikia mwombaji mwenyewe. Nilipandwa na hasira. Nimekesha na vitabu miaka yote ile, halafu mtu aninyang'anye mdomo wangu kwa jina la heshima?

Nyumbani wakasema aende ami tena. Hapo bibi yangu, mama yake ami, akaweka kikombe chini.

"Namsindikiza mie."

"Bi mkubwa, Kiingereza hukijui," ami akamwambia.

"Ndo maana nnakwenda mie. Nisichokijua sitomjibia."

Baba akacheka, akasema, "Khalas, bibi ataongozana naye."

Siku ya mahojiano ya pili bibi alikuja hotelini na chupa yake ya kahawa na tende. Akammiminia yule mzee, akanimiminia na mie, kisha akakaa meza ya pili anatutazama, kimya. Nilisema, jamani! Nilisema falaj, nilisema mitende, nilisema mpaka kahawa yangu ikapoa.

Nikakubaliwa, alhamdulillah. Leo kazi yangu ni kupima visima. Na ami? Mpaka leo kwenye kila harusi anawaambia watu majawabu yake ndiyo yaliyoniingiza chuoni!

Namshukuru mwalimu wangu, ambaye hakuchoka kunitetea. Namshukuru baba kwa kubadilisha shauri. Na namshukuru bibi, yule pale mbele, anajifanya hanisikii. Mama zangu, wasindikizeni binti zenu, kaeni nao, walindeni. Chukueni na kahawa. Lakini maneno waachieni wenyewe.

Nimemaliza. Mwenye suali aulize. Ntajibu mwenyewe.